Mwezi wa Kumi na Tatu

Kwa mwaka mzima niliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa sababu baba wa mtu mwingine alikuwa amekufa. Naanza na hilo ili mtu asinidhanie mcha Mungu. Mimi ni mpiga besi, ile kubwa unayoikumbatia kama unacheza dansi na shangazi yako, na usingizi wa asubuhi niliuhesabu kuwa haki yangu ya kuzaliwa. Lakini sinagogi letu la Mtaa wa Hutchison, hapa Montreal, lilikuwa limebakiwa na wazee wanane, na bila wanaume kumi kuna sala ambazo haziruhusiwi kusemwa, ikiwemo Kadishi, sala ya mfiwa. Anshel Brodavka alipofiwa alikuwa wa tisa. Akatazama huku na huku, akaniona mimi.

"Berko, nahitaji mwili wako tu," aliniambia. "Roho iache nyumbani ilale."

"Mwili wenyewe umechoka."

"Njoo nao hivyo hivyo."

Nikaenda. Anshel alikuwa mpiga saksafoni na kiongozi wa bendi yetu, nami nilikuwa nimesimama nyuma ya mgongo wake jukwaani kwa miaka kumi na tisa. Naujua mgongo ule kuliko ninavyoujua uso wa mke wangu wa kwanza. Mchana alikuwa fundi wa kukaza nyuzi za piano, na hiyo ndiyo kazi iliyomlisha.

Baba yake, Fishl, alikuwa mwimbishaji wa sinagogi hilo hilo kwa miaka arobaini na mmoja. Alikuwa na mahadhi aliyoyarithi kwa baba yake, ya Siku ya Upatanisho, pale mwimbishaji anapojiombea mwenyewe kabla hajathubutu kuwaombea wengine. Yanapanda ngazi tatu, yanasita, kisha yanashuka nusu ngazi mahali ambapo hukutegemea. Anshel aliyachukua akayaingiza kwenye jazi, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Nilikuwepo siku moja jikoni kwao wakirushiana maneno juu ya supu.

"Sala si kitambaa hata uikate suruali," mzee alisema.

"Siikati, baba. Naivaa."

"Ivae nyumbani kwako basi. Usiende nayo baa."

Fishl hakuja kutusikiliza hata mara moja. Alikufa tarehe tatu Desemba, hawajapatana wala hawajagombana vya kutosha. Ndiyo maana Anshel, aliyekuwa akipiga muziki Ijumaa usiku, Sabato ikiwa imeshaingia, miaka nenda miaka rudi bila kuona haya, aliushika mwaka wa matanga kwa meno. Kwetu anayefiwa na mzazi hakanyagi penye muziki kwa miezi kumi na miwili, sembuse kuupiga yeye. Nilimkumbusha kwamba mwanamuziki anayekula kwa muziki wake huruhusiwa.

"Mimi nakula kwa piano za watu," alinijibu. "Saksafoni haijawahi kunilisha. Na baba nilimkatalia kila kitu akiwa hai, Berko. Mwaka mmoja huu simkatalii."

Nyumba ya mazishi ilikuwa imempa kadi iliyochapishwa tarehe ya kumbukumbu ya kwanza ya kifo, ishirini na moja Desemba ya mwaka uliofuata. Aliibandika kwenye mlango wa friji. Siku ile, alisema, matanga yanaisha na saksafoni inatoka kabatini.

Sasa kulikuwa na Mzee Cleophas Tynes. Alikuwa na miaka themanini na sita, mpiga piano wa Little Burgundy, mtaa wa watu weusi, mtoto wa mhudumu wa treni, na ndiye aliyemfundisha Anshel jazi tangu Anshel ana miaka kumi na sita na chunusi. Kwa miaka tisa wawili hao walikuwa wamejenga muziki mmoja mrefu juu ya mahadhi ya Fishl: chini, piano ya Tynes iliyolelewa kanisani, juu, saksafoni ya mwana wa mwimbishaji, mimi katikati nikizuia paa lisianguke. Ulikuwa muziki mzuri. Nimepiga muziki mbaya mwingi, kwa hiyo nikisema huo ulikuwa mzuri niaminiwe. Hatukuwahi kuupiga wote mbele ya watu, kwa kuwa Anshel alikuwa akingoja baba yake akubali.

Baba akafa hajakubali, na vidole vya Tynes vikaanza kupinda. Binti yake alikuwa anakuja tarehe mosi Desemba kumchukua akaishi naye Halifax. Watu wa mtaa wakampa ukumbi wa jumuiya, Jumapili alasiri, tarehe ishirini na nne Novemba, aupige muziki ule mara moja kisha afunge piano. Tulikwenda kwake Anshel na mimi kulizungumza.

"Wiki nne, Mzee Tynes," Anshel alisema. "Wiki nne tu baadaye nitakuwa huru."

"Wiki nne baadaye mimi niko Halifax nakula samaki. Na hivi vidole unavyoviona havitaki hata kufunga kifungo cha shati." Tynes alivinyoosha tuvione. "Hebu nieleze tena. Kwetu mtu akifa ndiyo tunapiga. Nyinyi mtu akifa ndiyo mnanyamaza?"

"Ndiyo."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Basi mngekuwa mnakufa kwa mpango, sisi wengine tujipange."

Tulicheka sote watatu, kisha Anshel akaacha kucheka na akawa hana pa kuyaweka macho. Alitaka ile Jumapili kuliko alivyowahi kutaka kitu. Nilimwona akiitaka, na nikamwona akiikataa.

"Sawa, mwanangu," Tynes alisema. "Sitakubembeleza kwa jambo la baba yako." Akanigeukia. "Wewe utapiga sehemu yake. Kwa upinde, kwenye nyuzi za juu. Unaweza?"

Nilisema nitajaribu. Kwa sauti ya unyenyekevu kabisa nilisema. Ndani nilikuwa nimefurahi mpaka masikio yalikuwa moto. Mpiga besi huzeeka akisikiliza wengine wakipigiwa makofi, na mimi nilikuwa na miaka hamsini na miwili.

Alhamisi kabla ya tamasha Anshel alisema Kadishi yake ya mwisho. Kwetu mtoto huisema miezi kumi na moja tu, si kumi na miwili. Sababu ni kwamba waovu huhukumiwa kule waliko miezi kumi na miwili kamili, na hakuna mtoto anayetaka kushuhudia hadharani kwamba baba yake alihitaji yote. Anshel alikuwa amehesabu kurudi nyuma mwezi mmoja kutoka tarehe ya kadi. Alileta vodka, samaki wa chumvi na keki ya asali, wazee wakanywa kuitakia roho ya Fishl ipande juu, na saa mbili asubuhi akaondoka kwenda kukaza piano ya watawa kule Outremont. Aliahidi kuendelea kuja asubuhi mpaka siku ya kumbukumbu.

Nilibaki na Mzee Getsel, msimamizi wa sinagogi. Rabi wetu alihamia Toronto miaka sita nyuma na hatukupata mwingine, kwa hiyo Getsel ndiye aliyekuwa rabi, karani, mfagiaji na mwenye funguo. Alijimiminia ya tatu.

"Mungu anisamehe," alisema, "leo kijana amemaliza miezi kumi na miwili."

"Kumi na mmoja," nilisema.

"Kumi na miwili. Mwaka huu wa kalenda yetu ya mwandamo ulikuwa mrefu, Berko, ule wenye mwezi wa ziada. Kumbukumbu ya kifo huja baada ya miezi kumi na mitatu. Matanga hayangoji kumbukumbu, matanga ni kumi na miwili basi. Angalia, baba yake alikufa tarehe tatu, kadi inasema ishirini na moja. Hukushangaa?"

"Tarehe zetu hutangatanga kila mwaka, nani anashangaa?"

"Ndiyo hivyo. Hata yeye hakushangaa."

Nilikiweka kikombe changu chini. "Kwa hiyo matanga yamekwisha?"

"Leo."

"Na muziki?"

"Apige hata tarumbeta katikati ya barabara."

"Wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya mazishi. Kazi yangu ni kalenda." Alikuwa analia kidogo, machozi yale ya vodka, lakini sauti ilikuwa imara. "Kadishi ilipaswa kuisha mwezi uliopita. Nilisubiri niseme, halafu Motl, aliyeniahidi kuja na rafiki yake washike nafasi zenu, akavunjika nyonga. Nikisema ukweli, wewe na Anshel mnaondoka, tunabaki wanane, mlango unafungwa. Nikasema tusubiri Motl atoke hospitali."

"Getsel, umemfanya Fishl mwovu mwezi mzima. Mbele ya mwanawe."

"Fishl aliimba hapa miaka arobaini na mmoja. Muulize, kati ya jina lake na mlango huu kufungwa, anachagua nini?"

"Nitamuulizaje, amekufa."

"Ndiyo maana nimemjibia." Akanishika mkono. "Usimwambie. Wiki nne tu. Anapoteza nini? Asubuhi chache. Kuna kitu gani wiki nne hizi?"

Hakujua. Anshel hakuwa amemtajia mtu yeyote pale habari za tamasha. Mfiwa haendi kutangaza kwenye sinagogi kwamba anautamani muziki. Katika mji mzima, aliyejua mambo yote mawili nilikuwa mimi peke yangu.

"Hakuna kitu," nilisema.

Niseme wazi kwamba sikupitiwa. Watu husema nilipitiwa, nilichanganyikiwa, kumbe wanajikosha. Nilifikiri vizuri sana. Nilifikiri juu ya ule upinde na zile nyuzi za juu, na mazoezi ya wiki tatu, na jina langu kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye dirisha la ukumbi. Kisha nikamalizia keki.

Jumapili asubuhi Anshel alikuja ukumbini kukaza piano. Hilo aliruhusiwa, ni kazi. Nilikuwepo tayari, nimeshateremsha besi kwenye ngazi zenye barafu. Kwa saa mbili nzima tulikuwa wawili tu. Alipita uzi kwa uzi, anagonga, anasikiliza, anakaza, anagonga tena, na kila uzi uliokaa sawa aliuacha haraka kana kwamba ungemuunguza. Mara moja aliweka sauti nne pamoja, zile za kufungulia muziki wetu, akazisikiliza zikizama. Akavuta mkono.

"Sikupiga," aliniambia. "Nilikuwa najaribu nyuzi."

"Sijasikia kitu."

"Berko, pale panapopanda, ngazi ya tatu. Usiharakishe. Wote mnadhani baba alikuwa anasita pale kwa sababu ya utakatifu. Alikuwa na pumu."

"Nitasita."

"Sita kama mtu anayetafuta pumzi. Halafu shuka."

Ulimi wangu ulikuwa tayari. Neno lenyewe lilikuwa fupi, lingemalizika kabla hajafunga mkoba wa vifaa, na saksafoni ilikuwa umbali wa dakika ishirini kwa basi. Nilijishughulisha kupaka nta kwenye upinde. Alivaa koti, akampisha mama aliyekuwa analeta viti, akatoka. Saa tisa watu walijaa mpaka wengine wakasimama ukutani.

Nilipiga vizuri, na hilo ndilo baya. Ningeharibu, ningekuwa nimeadhibiwa pale pale na mambo yangekwisha. Lakini pale ngazi ya tatu nilisita kama mtu anayetafuta pumzi, nikashuka ile nusu ngazi, na ukumbi mzima ukanyamaza nami. Mzee Tynes alipiga huku anatokwa jasho, anaruka sauti ambazo vidole havikuzifikia, na palipokuwa na nafasi ya saksafoni kumjibu alikuwa anainua kichwa kidogo, anasubiri, kisha anaendelea. Nilidhani anasubiri mimi niingie. Watu walisimama wakapiga makofi, na mwanamke mmoja akanibusu mkono.

"Umepiga vizuri sana," Tynes aliniambia tukiwa nyuma. Alikuwa ameingiza mikono yake kwenye beseni la maji moto. "Sina kasoro hata moja ya kukutajia. Ila nilikuwa nampigia yeye."

"Najua."

"Hakuja hata kusimama nje?"

"Haruhusiwi," nilisema.

Tynes alikuwa bado na siku saba mjini. Kila asubuhi ya siku hizo nilisimama hatua mbili kutoka kwa Anshel na kila asubuhi niliazimia kumwambia. Lakini nikimwambia Jumatatu, angeniuliza nilijua lini. Nikimwambia Jumanne, angeniuliza hilo hilo pamoja na lingine. Kufika Alhamisi nilikuwa nimeshamchukia kidogo, jinsi mkosaji anavyomchukia mkosewa. Tarehe mosi Desemba binti alikuja na gari, piano ikaenda kwa mjukuu, na Tynes akaenda zake Halifax.

Ijumaa iliyofuata alikuja mgeni, mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Winnipeg aliyekuwa mjini kwa shughuli zake, naye mfiwa. Baada ya sala alikaa na Anshel wakinywa chai, wakaulizana kama wafiwa wanavyoulizana. Lini? Nani? Mgeni alisikia tarehe, akaanza kukunja vidole.

"Lakini, bwana, wewe matanga yako yamekwisha," alisema. "Wiki mbili zimepita. Mwaka ulikuwa mrefu. Kwani msimamizi wenu hakukwambia?"

Anshel aliangalia vidole vya yule mtu. Alimwomba ahesabu tena, pole pole, kwa kutaja miezi. Mgeni akahesabu. Kisha Anshel akainuka akaenda kwa Getsel aliyekuwa anakunja mashali ya sala.

"Ulijua?"

Getsel hakujitetea kwa uongo, hilo nampa. Alisema yote: mwezi wa ziada, Kadishi iliyopitiliza, nyonga ya Motl, ambaye hata hivyo alikuwa amehamishiwa kwa mwanawe Ottawa, na mlango. "Nipige ukitaka," alimaliza. "Nilikuibia asubuhi chache na jina la baba yako nikalipaka tope kidogo. Nitakwenda kumwomba radhi makaburini."

"Asubuhi chache?" Anshel alisema. "Nilikuwa na tamasha, Getsel. Jumapili ya tarehe ishirini na nne. Mzee Tynes amepiga mara ya mwisho maishani mwake na mimi nilikuwa nyumbani nafua soksi."

"Tamasha gani?" Getsel aliacha shali ikaanguka. "Tamasha gani, jamani? Mimi nilijuaje? Nilimuuliza... si nilimuuliza..."

Akanitazama. Hakukusudia kunitoa, macho yalikwenda yenyewe. Anshel akayafuata mpaka kwangu.

"Alikuuliza nini, Berko?"

"Kama kuna kitu wiki hizo."

"Lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi ipi?"

"Ya keki."

Alisimama akihesabu, kama alivyohesabu yule mgeni. Alhamisi, Ijumaa, Sabato. Jumapili asubuhi, saa mbili za kukaza nyuzi. Nilimwona akifika pale. Nilitaka anipige, na nilikuwa nimeshaanza kuvua miwani.

Hakunipiga. Alikwenda ukumbi wa mbele akampigia simu Tynes, na mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo sote tulisikia upande wake. Alisema angepanda ndege Jumapili. Alisema hata kama ni piano ya shule, ataikaza mwenyewe. Kisha akasikiliza kwa muda mrefu. "Hapana, mzee," alisema. "Hapana, usiombe radhi wewe." Alipokata simu mgeni wa Winnipeg, ambaye hakuelewa alichokianzisha, alimuuliza kuna nini.

"Anasema vidole alivyokuwa navyo alivimaliza Jumapili ile," Anshel alisema, akavaa kofia yake, akaondoka.

Siku ya Sabato hakuja. Mgeni alikuwa amerudi kwao, tukakaa tisa mpaka saa nne, wazee wakanywa chai, tukaenda nyumbani bila sala kamili. Jumapili nilikwenda kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Saa kumi na mbili na robo mlango ulifunguliwa. Anshel aliingia na theluji mabegani, akamwambia Getsel, "Nimekuja kwa ajili ya mlango wa baba," akasimama mahali pake pa siku zote, hatua mbili kutoka kwangu.

Huu ni mwaka wa tatu. Bado wanane ni wanane. Akifa mmoja, Getsel humvumbua mwingine sijui wapi. Anshel hajanisemesha. Akiumwa mmoja wetu, mwenzake hana sala, na hilo tunalijua wote wawili, kwa hiyo hatuumwi. Ana bendi mpya na mpiga besi mpya, msichana kutoka mji wa Québec mwenye mikono mizuri. Mzee Tynes alifariki Februari. Watu wananiambia kwamba tangu hapo Anshel anaupiga ule muziki wote, na kwamba nafasi ya piano ameiacha tupu, hakuweka mtu. Wananiuliza kama nimeshausikia. Sijausikia. Kwenye mlango wa ukumbi wanajua sura yangu, na hakuna anayenizuia. Nakaa nje kwenye gari mpaka waanze, kisha narudi nyumbani.